Koroboi Niliyoizima Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Thika na wa Ruiru! Anayesoma na aitike hapo alipo, hata kama yuko peke yake dukani.

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu cha dunia hii kingeweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilikuwa nasema mbele ya watu, na nilikuwa na sababu ya kusema. Nimechimba visima tangu nikiwa kijana asiye na ndevu. Nimechimba Makongeni, nimechimba Juja, nimechimba Theta mashambani na Ruiru kwenye ploti. Nimeshuka chini ya ardhi nikakutana na nyoka, tukatazamana, akaondoka yeye. Nimekuta mifupa ambayo hakuna aliyejua kama ni ya mtu ama ni ya ng'ombe. Siku moja nilichimba nikatokea kwenye choo cha jirani, na bado nikalipwa!

Shule niliachia darasa la nne. Lakini pita pale kwangu uone. Nyumba ni ya mawe, si ya mbao. Pikapu ni mbili, moja inatembea na nyingine inapumzika. Ng'ombe ni wa gredi. Watoto wanne wote wako shule, na karo nalipa siku ya kufungua, sio siku ya kufukuzwa. Hakuna mjomba aliyenisaidia, hakuna mkubwa aliyenipigia simu. Yote hayo nimeyatoa shimoni kwa ndoo.

Kanisani nilikuwa naenda. Kila Jumapili, benchi la mbele, koti na tai. Lakini ndugu zangu, wacha niwaambie ukweli, nilikuwa naenda kama mtu anayekwenda kukagua ploti yake. Naangalia paa, naangalia watu, naangalia saa. Kuokoka nilidhani ni kwa watu ambao mambo yamewashinda. Mimi mambo yalikuwa yamenishinda nini?

Sasa sikilizeni vile Bwana alinishika.

Nina binti yangu wa kwanza, Wambui. Kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba, kwa hivyo Wambui ni mama yangu, na mimi humwita Maitu, yaani mama. Wakati huo alikuwa Fom Tu, yaani kidato cha pili, miaka kumi na sita, mwembamba kama mti wa fagio. Akiona mjusi ukutani, nyumba yote inajua. Nikimtuma kwa ng'ombe, anarudi kuuliza kama ng'ombe anauma.

Basi Jumapili moja, karibu na likizo ya Agosti, mchungaji wetu alisimama akatangaza misheni ya vijana. Vijana wa kanisa letu hapa Thika wataenda Mwiki, kule upande wa Ruiru, wakae juma zima. Wataimba, watatembelea nyumba kwa nyumba, na watachimba kisima. Kule Mwiki kulikuwa na kanisa letu dogo la mabati. Ploti zilikuwa zimekatwa juzi tu, watu wanahamia kila siku, na maji yananunuliwa kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni. Akina mama walikuwa wanakuja ibada wakiwa wamechelewa kwa sababu walikuwa wanangojea mkokoteni. Mchungaji alisema kisima kichimbwe kwa ploti ya kanisa, kila mtu achote, awe wetu asiwe wetu.

Kisha akaniangalia. Kanisa lote likaniangalia.

"Baba Wambui," akasema, "Mungu amekupa kipawa. Tunaomba utuchimbie."

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Nikasema, "Mchungaji, mimi nachimba kwa futi. Sichimbi kwa haleluya."

Watu walicheka mpaka wazee wakafuta macho. Nilisikia vizuri sana, ndugu zangu. Nikaongeza kwamba kamba nitawapa, na lile gogo la kuzungushia kamba nitawapa, lakini mtu wa kushuka watafute. Hapo Mutiso akainua mkono. Mutiso alikuwa kijana wangu wa kazi miaka mingi, mimi ndiye nilimfundisha kushika sururu, kisha akatoka akaanza kujichimbia. Akasema yeye atachimba juma hilo bure. Mimi nikamhurumia.

Nilikuwa sijakaa vizuri wakati sauti ilitoka kwa kwaya.

"Na mimi nitaenda kuvuta kamba."

Ilikuwa Wambui!

Lazima mjue jambo moja. Sisi wachimbaji tulikuwa na sheria yetu. Mwanamke hasimami kwenye mdomo wa kisima kinachochimbwa, na kamba haishiki kabisa, la sivyo maji yanakimbia. Mke wangu mwenyewe alikuwa akiniletea chakula kazini anakiweka mbali chini ya mti, anaita, anaondoka. Sasa huyu wangu anasimama mbele ya watu anasema atashika kamba!

"Wewe?" nikamwambia. "Utavuta kamba na mikono gani?"

"Hii hii, Baba."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii sikujua wanacheka nani. Mimi mtu wa biashara, sipendi kicheko nisichokijua. Nikasimama mara ya pili. Nikasema, "Kanisa lisikie. Huyu msichana akimaliza hiyo misheni, kuanzia siku ya kwanza mpaka maji yatoke, bila kukimbia nyumbani, basi gharama yote ya hicho kisima ni yangu!"

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua atarudi siku ya pili. Nilikuwa nimeshaona kila kitu mimi. Lakini mzee wa kanisa mmoja hakungoja. Akaruka juu akauliza, "Kanisa limesikia?" Likajibu, "Limesikia!" Akasema, "Basi makofi ya kilo!" Nanyi mnajua, neno likishapigiwa makofi ya kilo huku kwetu halirudi mdomoni. Pa-pa-pa! Pa-pa-pa! Pa! Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu mkubwa anayeshukuru.

Njiani kuelekea nyumbani mke wangu alisema jambo moja tu. "Umejifunga mwenyewe, na mtoto umemzaa mwenyewe."

Walienda Jumatatu. Vijana kumi na saba, mchungaji, na Mutiso. Walilala kwa kanisa lile la mabati, wasichana ndani, wavulana kwa hema. Siku ya pili nikangoja mtoto wangu arudi. Hakurudi. Siku ya tatu nikangoja. Alhamisi nikamwambia mke wangu apike chapati, kwa sababu leo naenda kumleta. Nilikuwa na kazi Ruiru hata hivyo, kwa hivyo hakuna mtu angesema nimemfuata.

Nilifika Mwiki na pikapu yangu nikaiegesha mahali inaonekana. Ndugu zangu, sikumtambua binti yangu! Nguo ilikuwa rangi ya udongo. Kichwa amefunga leso. Viganja amevizungushia vipande vya kitambaa, na kitambaa chenyewe kina damu. Yeye na wavulana wawili wako kwa lile gogo langu, wanazungusha mkono wake wa chuma, ndoo ya udongo inapanda, na yeye ndiye anahesabu, "Moja! Mbili! Usilale, Kamau! Moja!"

Nikamwita. "Maitu, panda gari twende."

"Twende wapi, Baba?"

"Nyumbani. Mama yako amepika chapati."

"Mwambie azilete. Na aongeze, tuko wengi."

Akaendelea kuzungusha! Hata kuniamkia aliniamkia baadaye, ndoo ikishafika juu.

Nikamgeukia Mutiso, alipopandishwa baada ya ile ndoo ili apumzike. "Wewe unajua sheria. Mbona huyu ameshika kamba?"

"Mdosi, nilisema," akajibu, maana bado ananiita bosi wake. "Mchungaji akasema maji ni ya Mungu na hayaogopi mwanamke. Nikasema haya, tuone. Halafu nikaona huyu ndiye anakumbuka mambo kuliko wote. Kila asubuhi kabla sijashuka, yeye ndiye anashusha koroboi. Isipowaka, mimi sishuki. Amekataa kabisa."

Wale wasiojua kazi yetu, hiyo ndiyo kinga ya mchimbaji. Shimo refu linaweza kuwa na hewa mbaya, na hewa mbaya haina harufu wala rangi. Unawasha koroboi ya mafuta ya taa, unaifunga kwa kamba, unaishusha mpaka chini. Ikirudi inawaka, shuka. Ikizimika, kaa juu, kwa sababu ile hewa iliyozima moto itakuzima na wewe. Hata nyinyi mliosoma mnajua hivyo.

Mutiso akaniambia shida yao. Walikuwa wamefika futi thelathini na tano wakakuta jiwe. Jiwe jeusi, gumu, mtaimbo unaruka. Akina mama wa Mwiki walikuwa wamesimama na mitungi mitupu wakiangalia, kwa sababu walikuwa wameambiwa Jumamosi kutakuwa na maji. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Hapo, ndugu zangu, mimi nikajiona mfalme. Nikatoa koti nikalitundika kwa kioo cha gari. Nikawaambia, "Nyinyi mmechimba kama panya. Hili jiwe nalijua. Shusheni kuni kavu, washeni moto juu yake uwake mpaka jioni. Jiwe likipata moto sana, mwageni maji baridi. Kesho litakuwa limepasuka kama kiazi. Na msiliguse! Nitakuja mwenyewe kulivunja."

"Mdosi, moto ndani ya shimo?" Mutiso akauliza.

"Mutiso, hii kazi ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi leta kuni."

Moto ukawashwa, moshi ukatoka pale kama kiwanda. Mimi nikarudi Thika peke yangu na nikala zile chapati zote.

Ijumaa asubuhi nikafika nimevaa vizuri. Nilikuwa na viatu vipya vya ngozi, vya kahawia, vya Nairobi. Mtu atauliza, nani anavaa viatu hivyo kushuka kisimani? Mimi! Nilitaka wakazi wa Mwiki wakumbuke ni nani aliwafungulia maji. Watu walikuwa wamejaa. Moshi ulikuwa umeisha, shimo linaonekana safi. Nilitema mate mikononi nikachukua mtaimbo.

Wambui akaja mbele yangu na koroboi imewaka.

"Baba, ngoja taa ishuke kwanza."

"Taa ya nini na jua limetoka?"

"Ni sheria ya hapa."

"Sheria ya nani?"

"Yako," akasema. "Makongeni, nikiwa mdogo, nilikuwa nakuletea uji na Mama. Ulikuwa unashusha koroboi kabla ya kushuka. Nilikuwa nakuona kutoka pale chini ya mti."

Watu wakasema, "Eeeh!" Mimi nikaona aibu, na aibu yangu wakati huo ilikuwa inatoka kama ukali. Nikamwambia, "Wakati huo nilikuwa najifunza. Sasa mimi ndio mwalimu." Nikaichukua ile koroboi mkononi mwake, nikaipuliza, puu! Nikamrudishia. Watu wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Aliangalia ule utambi unaotoa moshi, halafu akaenda akasimama kwa lile gogo, akashika mkono wa chuma kwa mikono yote miwili.

"Basi ujifunge kamba kifuani, Baba."

Mimi kila siku nashuka nikiwa nimesimama kwa kitanzi, mguu mmoja, kama mwanaume. Nikamwambia hivyo.

"Basi mimi sizungushi. Na hakuna mtu atazungusha."

Nikawaangalia wale wavulana. Wakaangalia chini! Nikamwangalia Mutiso. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na hakuwa na viatu. Nikamwangalia mchungaji, naye anaangalia mawingu. Ndugu zangu, mtoto wangu mwenyewe, ambaye nalipa karo yake siku ya kufungua! Nyumbani angekuwa amenijua siku hiyo.

Mama mmoja wa Mwiki akapaza sauti, "Baba Wambui, si ujifunge tu! Sisi tunataka maji, hatutaki sinema!"

Basi nikajifunga. Sikujifunga kwa hekima. Nilijifunga ili wanyamaze. Wambui akaja akakaza lile fundo mwenyewe, akapitisha kamba chini ya makwapa, akaivuta mara mbili. Akasema kwa sauti ya chini, "Nikiita 'Uko?' ujibu 'Niko.' Usiache kujibu." Nikamwambia asiniongezee kazi.

Nikashuka.

"Baba, uko?"

"Niko!"

Nikaendelea kushuka. Joto lilikuwa bado limo, kuta zinanuka jivu.

"Baba, uko?"

"Niko! Wacha kelele!"

Miguu yangu ikagusa jiwe, na nikaona limepasuka, haki ya Mungu, ufa mkubwa katikati, vile nilisema. Nikafurahi. Nikainua mtaimbo juu.

Ule mtaimbo haukurudi chini na nguvu zangu, ulirudi peke yake. Kichwa kikajaa kama ngoma. Nikaketi, na sikuwa nimeamua kuketi. Nikasikia kwa mbali sana, kama mtu anayeita akiwa Nairobi, "Baba, uko?" Jibu nilikuwa nalo, ndugu zangu! Nilikuwa nalo hapa kooni. Niko. Neno dogo hivyo. Mimi ambaye nimejaza kanisa kwa maneno, nikashindwa kutoa hilo moja! Mdomo ulikuwa umejaa pamba. Nikainua macho nikaona mdomo wa kisima ni mdogo kama shilingi, na ndani ya ile shilingi kuna kichwa chenye leso. Halafu ikafungwa.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeambiwa na watu wa Mwiki, kila mmoja kwa namna yake, lakini katika hili wote wanakubaliana. Wambui aliita mara moja, hakujibiwa. Hakuita mara ya pili. Mutiso alikuwa ameshapiga mbio, ameshika kamba ya ndoo anataka kuteremka kuniokoa. Mnajua ni visima vingapi vimeua watu wawili, watatu? Wa kwanza anaanguka, wa pili anamfuata, na wa tatu anafuata wa pili, kwa sababu ya upendo tu. Wambui akamsukuma Mutiso kwa kifua mpaka akaanguka kwa udongo. Akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani, "Hakuna mtu anashuka! Vuteni! Vuteni wote!"

Wakavuta. Wavulana, wasichana, mchungaji na kola yake, yule mama wa sinema, wote kwa kamba moja. Na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, nimeambiwa. Yeye anahesabu, "Moja! Mbili! Moja! Mbili!" Mimi ni mtu mzito, sifichi, nakula vizuri. Walinivuta kama gunia la mahindi, nagonga ukuta huku na huku. Kama ningekuwa nimesimama kwa kitanzi vile nilitaka, kamba ingerudi juu peke yake, mimi nikabaki kule.

Nilipofungua macho, mchungaji alikuwa ananiombea katika sikio moja, na katika lile lingine mtu alikuwa ananipiga makofi ya uso. Ilikuwa Wambui. Machozi yamechora mistari kwenye udongo wa mashavu. Aliponiona nimefungua macho akaacha kupiga, akakaa chini pu, akasema, "Baba, wewe ni mzito!"

Watu wakacheka na kulia pamoja. Nikataka kusimama. Nikaona nina kiatu kimoja.

Wambui hakuwa amemaliza. Aliinuka akachukua ile koroboi, akaomba kiberiti, akaiwasha. Akaifunga, akaishusha mbele ya watu wote. Mimi nilisaidiwa kutambaa mpaka pale mdomoni, nikaangalia. Ikashuka, inawaka vizuri. Ikashuka. Ilipokaribia chini ikawa ndogo, ikawa ya samawati, ikazimika. Hakuna aliyeipuliza. Ilizimika tu, kimya.

Ndugu zangu! Pale ilipozimika ndipo nilikuwa nimeketi mimi!

Nilisema hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Nilishangaa. Nilishangaa nikiwa nimelala kifudifudi kwenye udongo wa Mwiki na kiatu kimoja. Niliona maisha yangu yote, nyumba ya mawe, pikapu mbili, ng'ombe, koti, yote yamening'inia kwa fundo ambalo sikutaka kufungwa. Na nikaona kwamba Mungu hakutuma malaika mwenye mabawa. Alituma mtoto anayeogopa mijusi. Nikasema, "Mchungaji, usiniombee tena niamke. Niombee niokoke." Pale pale, mbele ya mitungi, bila koti, nikampokea Bwana Yesu. Haleluya! Mutiso alilia kuliko mimi.

Siku hiyo hakuna mtu alishuka tena. Vijana walikata matawi yenye majani mengi, wakayafunga kwa kamba, wakawa wanayashusha na kuyapandisha ndani ya kisima, juu na chini, kuchota ile hewa mbaya. Mimi nilikaa kwa rundo la udongo nimefunikwa blanketi, na kila mara Wambui akipita ananiuliza, "Baba, uko?" Nami najibu, "Niko." Sikumwambia aache kelele.

Jumamosi koroboi ilishuka ikarudi inawaka. Ikashuka tena, ikarudi inawaka. Mutiso akajifunga kamba kifuani, akashuka, akaliondoa lile jiwe kipande kwa kipande, na maji yakaja. Hayakukimbia! Msichana alikuwa amesimama mdomoni pale pale, kamba mkononi, na maji yakaja kama yaliyokuwa yanamngojea yeye. Ndoo ya kwanza waliivuta akina Wambui kwa kuimba. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na juu yake kinaelea kiatu changu cha Nairobi.

Wambui akakitoa, akakimimina, akaniletea kwa mikono miwili kwa heshima, kama mtu anayeleta sadaka. "Baba, maji yametoka," akasema. "Na mimi sijakimbia nyumbani."

Ndugu zangu, nimesifiwa mara nyingi katika maisha yangu, na mara nyingi nilijisifu mwenyewe ili kazi isichelewe. Lakini siku hiyo nilijivunia mtu mwingine, na nikaona utamu wake ni mkubwa kuliko ule wa zamani. Mpaka leo nikikaa na wanaume wenzangu sokoni, wao wakisema juu ya ng'ombe na ploti, mimi nasema juu ya Wambui. Wakinichoka wanahama meza. Namfuata yule anayehama.

Nilimuuliza nimnunulie nini. Saa? Redio? Akasema, "Nataka sheria ya kamba iishe." Na imeisha. Leo hii kwa kazi yangu kuna akina mama wawili wa Mwiki wanaozungusha kamba, mmoja wao ni yule wa sinema, na hakuna kisima chetu hata kimoja kimekauka. Na hakuna mtu, awe mimi, awe mwenye ploti, awe fundi kutoka wapi, anashuka kabla koroboi haijashuka.

Sasa wewe unayesoma. Labda uko kazini kwako, mambo yanaenda, hakuna kinachokushangaza. Umeizima taa uliyopewa kwa sababu aliyekupa ni mdogo kuliko wewe. Nakuomba kama ndugu. Jifunge. Mwamini Bwana, hata kama unaona watu wanakuangalia. Yeye yuko juu ya shimo lako sasa hivi anaita, "Uko?" Mjibu wakati mdomo bado unaweza. Sema, "Niko!" Mimi nilichelewa kujibu na bado alinivuta, lakini usijaribu kama mimi, maana si kila mtu ana Wambui.

Namshukuru Mungu, namshukuru mchungaji, nawashukuru vijana wa ile misheni na Mutiso ambaye nilimlipa futi zake zote ingawa alikataa. Kuokoka kwangu hakukunigharimu hata senti, Bwana alilipa mwenyewe. Lakini makofi ya kilo ni makofi ya kilo. Jumapili iliyofuata nilijaribu kueleza kanisa kwamba pampu ya mkono si sehemu ya kisima, na Wambui akasimama kutoka kwa kwaya akasema, "Baba, ulisema gharama yote." Basi nikatoa. Futi za Mutiso, mawe ya kujengea, simiti, mchanga, mfuniko wa chuma, pampu ya mkono, soda za vijana, na kiatu kupelekwa kwa fundi, jumla yake ni shilingi elfu arobaini na tatu, mia sita na themanini na tano.